Saa Iliyo Ndani ya Debora

Siku ya mshahara foleni ya benki ilifika hadi mlangoni. Geofrey, karani wa Bunge, alikuwa amesimama katikati na shati lake jeupe lililonyooshwa vizuri, mara akahisi kichwa cha mtu kikitua mgongoni mwake. Aligeuza shingo. Dada mmoja mwenye gauni la kitenge cha njano alikuwa amelala wima, nyusi zake zina unga wa ngano.

Hakumwamsha mpaka foleni iliposogea. "Dada, samahani. Nguzo inataka kuondoka."

Yule dada alicheka hadi akajifunika uso kwa mkoba. Aliitwa Debora. Usiku alioka mikate katika bekari moja ya Chang'ombe, jioni alisoma sekondari pamoja na watu wazima wenzake, na kila somo alilolielewa alimshukuru Mungu kwalo. Kabla ya Pasaka Geofrey alikuwa akimwita Bi Mkate, naye akimwita Nguzo yangu.

Septemba 2017, mama yake Geofrey, Mama Paulina, alikuja nyumbani kwa mwanawe Ipagala kutoka Mpwapwa ili amwone mchumba. Ilikuwa saa nane mchana. Baada ya chakula walipiga magoti, na mama akaomba kwa kirefu: mvua, ng'ombe, wajukuu watakaozaliwa. Aliposema amina, aliyemjibu alikuwa Debora, kwa kukoroma.

"Mwanangu," mama alisema, "huyu maombi yanamchosha. Nyumba utaijenga na nani?"

Kesho yake Geofrey alimpigia Debora simu na kumwambia amemwaibisha. Debora alimweleza kwamba saa nane mchana kwake ni usiku wa manane. Roho inaomba, mwili umefunga duka. Geofrey alisema hizo ni sababu za mvivu. Debora akakata simu, na wiki tatu hazikuleta hata ujumbe.

Oktoba ilipoanza, mama alipiga simu kutoka Mpwapwa, sauti imemnyong'onyea. Redio imetangaza, alisema, Wamarekani watatu wamepewa tuzo ya Nobeli. Wamechunguza vile vijinzi vya matunda na kuona jinsi mwili unavyojipimia saa zake za kulala na kuamka. Mungu ameiweka saa humo, na yeye na mwanawe wamemhukumu Debora bila kuuliza.

Jioni hiyo Geofrey alikwenda darasani kwa Debora. Mwalimu Yotham na wanafunzi wake walikuwa wakiwapongeza wanasayansi hao kwa soda na karanga. Debora alitoka nje, mikono kifuani.

"Ulinieleza, sikukuamini," Geofrey alisema. "Nimengoja watu watatu wapewe tuzo."

"Na nzi. Umewaamini nzi kabla yangu."

"Nimekosa, Debora. Nisamehe. Nataka kukuoa."

Debora aliomba kimoyomoyo, kisha akanyoosha mkono, akapokea simu ambayo Geofrey alikuwa amempigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisamehe. Wazee wakileta posa, waje saa ngapi wakukute macho?"

"Saa moja asubuhi mama, nikitoka kazini."

Jumamosi, saa moja asubuhi, wazee wanne wenye makoti walibisha hodi nyumbani kwa kina Debora, Chang'ombe. Baba yake Debora alitoka na mswaki mdomoni.

"Jamani, nani amefariki?"

"Hakuna msiba, mzee mwenzetu," walimjibu. "Tumeleta posa."