Mama Sumu wa Mferejini

Kila asubuhi kabla ya shule, Anyieth alipanga mtungi wake kwenye mstari wa mferejini, kambini Kakuma, akaketi kuulinda. Maji yakikaribia kufunguliwa, Mathilde alifika akichechemea, filimbi mdomoni. Mama huyo wa Kikongo ndiye aliyechaguliwa kusimamia mstari.

"Weye mutoto, rudisha bido yako nyuma!" alifoka siku moja, akauondoa mtungi wa Anyieth na kuweka wa Mzee Chuol, kipofu, mahali pake. Anyieth alichelewa shuleni, akapewa adhabu. Tangu hapo alimchukia Mathilde kwa moyo wote.

Kwa hiyo Mwalimu Sellah alipomwambia atunge mchezo wa kuigiza kuhusu usafi wa maji, Anyieth alifurahi sana. Akamtunga Mama Sumu, mwanamke mwenye filimbi, anayechechemea na kutia uchafu kwenye maji kwa kuwa anawachukia watoto. Jina alilibadilisha, ndiyo, kana kwamba mtu hutambulika kwa jina tu! Siku ya maonyesho shuleni, mwigizaji alipofoka, "Weye mutoto!" uwanja mzima uliangua kicheko, wazazi kwa watoto. Anyieth akavimba kichwa.

Haukupita muda, ugonjwa wa kuhara ukaingia mtaani, nyumba baada ya nyumba. Mtoto mchanga wa jirani akafa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Mathilde ndiye anayechafua maji, na kwamba hata watoto wa shule walijua, ndiyo maana waliigiza.

Asubuhi moja Anyieth alikuta ghasia mferejini. Vijana walikuwa wamempokonya Mathilde filimbi na kuutoboa mtungi wake kwa kisu. Jiwe lilimpata juu ya jicho. Aliondoka akichechemea, damu ikimtiririka, na nyuma yake watu wazima walipiga kelele, "Mama Sumu! Mama Sumu!" Anyieth aliona aibu na hofu. Alikimbia kwa Mwalimu Sellah akilia.

"Mwalimu, watamuua! Hakufanya kitu. Mimi nilikuwa na hasira tu."

Mwalimu hakumbembeleza. Alimshika mkono hadi mferejini, akamsimamisha mbele ya watu.

"Mama Sumu hayupo," Anyieth alisema. "Nilimtunga mimi. Mama Mathilde alinirudisha nyuma ili Mzee Chuol apate maji. Sehemu hiyo niliiacha makusudi nilipotunga mchezo."

"Ni kweli," Mzee Chuol akasema. "Kila siku huuweka mtungi wangu mbele."

Kijana mmoja akaitoa filimbi mfukoni bila kuinua macho. Siku hiyo hiyo watu wa afya walikuja, wakakuta bomba limepasuka karibu na vyoo.

Jioni Anyieth na Mwalimu Sellah walimpelekea Mathilde mtungi mpya na filimbi yake. Alipokea mtungi. Filimbi aliitazama tu.

"Mutoto," alisema, "ungeniuliza."

Njiani wakirudi, Mwalimu Sellah alisimama.

"Mimi nami nilicheka," alisema. "Anyieth, ukimchukua mtu umtie kwenye hadithi, mchukue mzima. Na usiyempenda, mtazame mara mbili kabla hujamwandika. Wewe ulichukua mguu wake na filimbi yake, ukauacha mtungi wa Mzee Chuol."