Kiti Kigumu Kama Ubao

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi baiskeli mwenye hasira za mkizi. Alikuwa akiifufua baiskeli ya mashindano ya marehemu babu yake, iliyoundwa kabla ya vita kuu, wala hakukubali kifaa kisicho cha enzi zile. Kilichomtoa jasho ni kiti cha ngozi. Kile cha babu, kaka wa fundi alikitupa jalalani, eti kimebonyea kushoto, upande wa nyonga ya mzee iliyovunjika. Eti kimeharibika! Baada ya kuhangaika sana, fundi alipata kingine cha miaka ileile, hakijawahi kukaliwa na mtu, kigumu kama ubao.

Jioni alipomaliza kukifunga, umeme ukakatika. Karakana ikawa giza totoro. Mara akasikia cheni ikizunguka taratibu, na ngozi ikilia kwii, kwii, kama inavyolia ikikaliwa na mtu mzito.

"Kaka, shuka!" akafoka. "Umetupa cha babu, sasa unataka kuniharibia na hiki? Huna hata haya?"

"Nishuke wapi, mdogo wangu?" kaka akajibu kutoka nje, akigonga mlango. "Umejifungia kwa ndani. Fungua, nimekuletea taa."

Cheni ikanyamaza. Fundi, bado ana hasira, akarusha mkono gizani amkamate huyo mpandaji. Hakushika mtu. Kiganja kikaangukia kwenye kiti. Kilikuwa na joto, na ngozi ilikuwa imebonyea upande wa kushoto.