Sushi Katika Nyumba ya Maziwa

Siku ya soko Mushaki haina adabu: pikipiki zinapiga honi, mbuzi wanajibu. Murekatete alikuwa amefunga kitenge cha njano, jibini zake mbele yake, kijana mwenye shati jeupe alipoinama akainusa jibini moja kwa macho yaliyofumbwa.

"Kaka, unanunua ao unabusu?"

"Vyote, kama unakubali."

Alikuwa Twizeyimana wa Kirotshe, mpishi wa hoteli moja Goma. Jibini aliitakia sushi.

"Sushi njo nini?"

"Chakula ya Wajapani. Zamani walikuwa wanaweka samaki ndani ya muchele ya kupikwa ichachuke, juu samaki isioze. Muchele wanatupa, samaki wanakula. Kisha wakaona ule uchachu iko mutamu, wakakula vyote. Leo wanatia siki tu."

"Kumbe ni kama maziwa yetu ya kugandisha!"

"Eeh! Na sushi, iko ya kufinya na mukono, iko ya kukunja ndani ya majani ya bahari, nyeusi tii. Wewe nitakukunjia."

Miezi mitatu simu hazikutulia. Murekatete aliteremka Goma mara mbili, akala sushi ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, akaramba vidole. Kisha Twizeyimana akapiga: "Cheri, nimepata kazi Nairobi. Lundi naenda. Samedi nakuja kwa mama yako."

Jumamosi akaja na suti ya bluu na boksi la sushi. Mpishi ni mpishi: alitafuta penye ubaridi, akaliweka kwenye kichanja, katikati ya vibuyu vya maziwa. Mtoto wa ziwani atajuaje? Nyumba hiyo ni ya wafugaji wanaoshika mila. Samaki haliwi humo, wala hakai na maziwa, wasije ng'ombe wakakauka.

"Samaki! Kwa maziwa yangu!" Mukakalisa, mama yake Murekatete, alimwaga vibuyu vyote uani.

Aibu ilimchoma Murekatete, ulimi ukamtangulia. "Ulikuja kutuchekelea? Enda na samaki yako!"

Twizeyimana akaenda. Alipiga simu mara sita. Murekatete aliitazama ikilia, hakupokea.

Jumapili baada ya misa hakukalika. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akachota maji yasiyohitajika. Hasira ilikuwa imekwisha, na kilichobaki chini yake kilikuwa kibaya zaidi. Kesho, Jumatatu, mtu wake anaondoka, na kosa si lake.

"Mama," akasema, ufagio mkononi. "Goma nilikula samaki yake. Mara mbili. Nikamuficha mila yetu, anione mutu wa muji. Yeye hakujua kitu."

Mama akaupokea ufagio, akasema, "Mupigie."

"Uko wapi?"

"Sake, kwa stasheni. Nililala kwetu Kirotshe, sasa nangoja gari ya Goma."

"Rudia. Nilikukosea, mupenzi. Rudia!"

Alifika viatu vimejaa matope, akapiga magoti. Mama akampa kibuyu cha maziwa ya mchana huo. Akanywa chote.

"Mama, nipe binti yako."

"Ngombe kwanza, arusi kisha. Na huko Nairobi, utamukulisha nini?"

"Sushi ya matango, Mama. Na jibini yenu. Hapana samaki."

Murekatete alikaa karibu yake, bega kwa bega, mbele ya mama yake.

"Ya samaki pia, Mama. Nitakula, na nitakuambia, sitaficha tena."