Kona Iliyotulia

Chai ilimwagika katika msongamano wa kantini, ikatua juu ya mchoro wa bahari wa binti mmoja aliyevaa gauni la kijani.

"Lo! Nisamehe, mrembo. Nimeichafua bahari yako."

"Huo ni wavu wa mistari, wa kukokotolea mawimbi kwa kompyuta."

Aliyemwaga, mhandisi wa bandari, kijana mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, aliinama kutazama. "Mbona matundu mengine madogo, mengine makubwa? Mfumaji alilewa?"

Binti akacheka bila kutaka. "Kompyuta inakadiria kosa lake yenyewe. Wimbi linapochachamaa kosa hukua, basi matundu yanagawanywa yawe madogo. Palipotulia yanaachwa. Ukitaka kutazama kila mahali kwa makini, utazeeka ukisubiri jibu."

"Basi mimi nitazame kwa makini hapa tu," akasema, macho yakiwa usoni pake.

Tangu hapo akamwita Fundi Wavu, naye akaitwa Mwagachai. Simu zao hazikupoa. Binti alimsukia wavu wa ukuta wa kuzuia mawimbi aliokuwa akiusanifu, na picha ya matokeo akaitia jina lake mwenyewe.

Siku ilipoonyeshwa ukumbini mbele ya wakubwa, jina lilikuwa moja tu: la Mwagachai.

"Dada, ameniibia!" binti alimlilia dada yake kwenye simu. "Nitamkomoa mpaka ajute kuzaliwa."

"Umemuuliza?"

"Mwizi haulizwi."

"Haya, mdogo wangu. Hasira hasara."

Hakupokea simu za Mwagachai tena. Akaipekua hesabu akitafuta kisu, akakipata. Nyuma ya ukuta, penye maji matulivu, kiwimbi kilipita kwenye matundu makubwa kikapotea. Alipoyagawa matundu, kiwimbi kilionekana kikigonga huku na huku, kikikua, hadi kikapanda gati la abiria. Angeweza kumwambia. Akakificha hadi kikao cha kuidhinisha ujenzi.

Siku hiyo alivaa nyekundu.

"Mhandisi," aliuliza kwa sauti tamu, "nyuma ya ukuta umepima kwa matundu ya ukubwa gani?"

Mwagachai akapekua karatasi zake.

"Mkijenga hivi, gati la abiria litafunikwa na maji."

Mkurugenzi akageuka. "Kosa la nani hili?"

Mwagachai akainua uso. Binti akasubiri ajitetee, amtaje, ili ammalize.

"Langu," alisema Mwagachai. "Ukuta ni wangu. Nilipaswa kuuliza."

Kisasi kikageuka shubiri mdomoni. Maana aliyeamua kona ile ya nyuma ya ukuta iachwe na matundu makubwa alikuwa yeye mwenyewe. Akasimama.

"Wavu niliusuka mimi. Kosa ni langu."

"Wewe? Mbona jina lako halipo?"

"Lipo!" Mwagachai alishangaa. Akafungua picha nzima. Jina lilikuwa chini kabisa, katika kona ile ile ya maji matulivu. Akajishika kichwa. "Niliikuza ili ukuta uonekane vizuri. Kumbe nililikata."

Ujenzi ulisimamishwa. Wakakutana kwenye ngazi.

"Ungeniuliza tu, mpenzi."

"Nawe ungetazama tu. Nilitaka ulie."

"Nilikaribia."

"Haitoshi. Hesabu tunaanza upya, na jina langu litakaa katikati ya picha, kwa herufi kubwa."

"Na kwenye kadi ya harusi yetu?"

Binti alimkazia macho, hasira ikipigana na tabasamu.

"Hiyo nitaikagua mwenyewe, Mwagachai. Kona zote nne."