Mtihani wa Bega

Watu walikuwa wanamuua Elibariki katikati ya soko la Mbagala kwa simu ambayo hakuiiba. Mateke, fito, kisha tofali likamshukia begani. Mmoja alishaanza kuulizia kiberiti. Hapo msichana mwenye koti jeupe juu ya baibui akapenya, akajilaza juu yake.

“Nipigeni na mie basi! Nyie mna roho gani?”

“Daktari, pisha! Kibaka huyo!”

Koti liliwatia adabu, wakasita. Mwenye simu naye akaikuta kwenye kikapu chake mwenyewe. Umati ukatawanyika bila hata kusema pole. Ndivyo walivyo.

Msichana aliitwa Khulud, binti wa wenye duka la vitambaa, anasomea fiziotherapia, tiba ya viungo, katika chuo kimoja Temeke. Elibariki alikuwa karani wa mizigo Kurasini, Mchaga mcheshi mwenye wivu wa haraka. Mapenzi ni kikohozi. Haikupita muda simu zikawa asubuhi, mchana na jioni.

“Daktari wangu, bega linakusalimu.”

“Mie si daktari, mpenzi. Umelifanyisha mazoezi?”

“Linataka mikono yako.”

“Mikono yangu ina mtihani Ijumaa. Nikifeli, kaka Mohammed ananirudisha dukani, sitoki tena. Mie na wewe ndiyo basi.”

Chuoni kwao wanafunzi hupokezana kuwa wagonjwa, hata kwenye mtihani: mwenzako anavua shati, unamkanda, mwalimu anatoa alama. Khulud hakumwambia Elibariki hilo. Aliona haya. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Ijumaa Elibariki akaja kumshtukiza, shati la bluu limenyooshwa pasi, anukia marashi. Dirishani akamwona kijana kifua wazi kitandani, na Khulud amemwinamia, mikono begani kwake. Hakuuliza. Yeye aliyepigwa bila kuulizwa, hakuuliza!

Alimvuta yule kijana, Isack, mwanafunzi mwenzake Khulud, kwa shingo hadi sakafuni. Ngumi ya kwanza iling’oa jino, ya pili ikampasua juu ya jicho, na damu ikaruka kwenye koti la Khulud. Khulud akamshika mkono. Elibariki akamsukuma, na kiwiko cha msichana kikagonga chuma cha kitanda. Chumba kizima kilisikia mfupa ukivunjika.

“Ni mtihani, Eli! Mtihani!”

Walinzi wakamburuta nje. Mwalimu Demetria, aliyekuwa akitoa alama, akaweka kalamu chini.

“Tuahirishe mpaka mwakani, mwanangu.”

“Hapana, madamu. Kaka hanipi mwaka mwingine.”

Isack akajivuta kitandani, mdomo umevimba. “Bega bado zima, sista. Malizia.”

Khulud akamaliza kwa mkono mmoja, ameuma mtandio, machozi yanamdondokea Isack mgongoni. Alifaulu.

Getini walinzi walikuwa bado wamemshikilia Elibariki, polisi wanasubiriwa. Alipomwona Khulud akapiga magoti.

“Nisamehe, kipenzi. Nitaleta posa kwa kaka yako. Nitasilimu. Chochote.”

“Nakupenda, Eli,” Khulud alisema, na kweli alimpenda kupita kiasi. “Mkono huu umeuvunja ukiwa unanipenda. Siku ukinichukia je?”

Khulud akaingia kwenye bajaji kwenda kufungwa plasta, akalia njia nzima, wala hakugeuka.