Gari la Bi Harusi Halipakwi Mafuta

—Mikela, mpenzi, nisikilize. Gari lipakwe mafuta, tufunge ndoa, yaishe.

—Basi oa hayo mafuta.

Baba alijifanya hasikii. Alikuwa amechuchumaa chini ya gari alilonichongea mwenyewe, anagonga gurudumu, lakini mabega yalimtikisika kwa kicheko. Bixente alisimama katikati ya ua, kofia mkononi, mrefu kama ngazi na mpole kupita kiasi. Jamani, nilimpenda mwanaume yule. Ila siku ile ningeweza kumrushia nyundo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Kwetu mabondeni, ekseli ya gari la maksai haipakwi kitu. Gari likitembea linalia, na kila gari lina sauti yake. Hata mtoto mdogo analijua la kwao. Na linalompeleka bi harusi na kasha lake la mashuka ndilo linatakiwa kulia kuliko yote, mpaka bonde la tatu wajue binti katoka kwao kwa baraka. Ukienda kwa gari bubu, watu wanaanza kuhesabu miezi kwenye vidole.

Sasa Jenerali Arrizubi, kamanda wetu upande wa Don Karlos anayegombea kiti cha ufalme na Malkia, alikuwa amepiga marufuku. Miezi saba magari yote yalipakwa mafuta ya nguruwe, ili askari wa Malkia waliokaa ngomeni pale darajani wasisikie mizigo yake ikipita. Atakayeliza gari, risasi. Na Bixente alikuwa mwendesha gari wa jeshi la huyohuyo jenerali. Alikuwa amepewa siku tatu aje aoe, kisha arudi jeshini wakauzingire mji wa Bilbao.

—Mama yako anasemaje? nilimuuliza, ingawa jibu nalijua.

Bixente akaitazama kofia yake.

—Anasema nyumba yetu ya Sagastume haijaingiwa na mwanamke kimyakimya kama mwizi tangu ijengwe. Gari likija bubu, hafungui mlango.

—Unaona? Mama mkwe wangu ana akili.

—Mikela, nitapigwa risasi.

—Basi naenda kumwona jenerali.

Walidhani natania.

Jenerali alikuwa amefikia kwa padri, kijiji cha juu. Nilimkuta anakula maharage, kanyoosha mguu juu ya kigoda. Mtoto wa mkulima kama sisi, lugha ni ileile, na kola ya koti imeliwa na nondo.

—Wewe wa nyumba gani?

—Etxaburu. Binti wa Martzelo, fundi magari.

—Ala. Martzelo ndiye alimtengenezea mama yangu gari. Lilikuwa na sauti ya mbuzi mwenye kesi. Haya, unataka nini?

Nikamweleza yote, mpaka maneno ya mama mkwe. Alitafuna taratibu.

—Watu wanakuja kuniomba viatu. Wanakuja kuniomba baruti. Wewe umekuja kuniomba kelele.

—Kelele za siku moja tu, Jenerali.

—Mtapita njia ipi?

—Ya mtoni, chini ya ngome. Hakuna nyingine ya gari.

Akaacha kutafuna.

—Lini?

—Jumamosi, baada ya misa.

Akakirudisha kijiko kwenye maharage.

—Liache lilie, binti. Lilie mpaka kule darajani wakose raha.

Nilishuka mlima ule naimba. Mjinga mimi.

Jumamosi padri akatufungisha ndoa. Tukarudi kwa baba, kasha likapakiwa, godoro juu yake, kijiti changu cha kusokotea nyuzi kikasimamishwa juu kabisa kama desturi. Wageni walishajipanga barabarani. Bixente alikuwa anafunga nira za maksai, na tangu kanisani hajanitazama usoni.

—Una nini?

—Sina kitu.

—Bixente, mimi nakujua hata ukipiga chafya gizani. Una nini?

Akanivuta nyuma ya banda.

—Jenerali ana mzinga mkubwa anataka kuupitisha juu, kwenye msitu. Hawezi bila ngome kuuona. Miezi saba hawajasikia gari. Wakisikia letu, watashuka wote njia ya mtoni kuja kulipekua. Wakati huo mzinga unapita.

Nilimwelewa polepole.

—Kwa hiyo harusi yangu ni chambo.

—Niliapishwa nisikwambie. Nimejaribu tangu juzi. Nimeshindwa.

—Na wewe wakikukamata? Askari wa jenerali, mkononi mwao?

Akasema, kwa sauti ndogo:

—Siwezi kukuingiza nyumbani kwetu nikiwa nimekuficha kitu. Siku ya kwanza kabisa, Mikela. Ukitaka tulipake mafuta, nitalipaka, na lawama nitabeba mimi.

Nilitaka kumpiga. Nikamkumbatia, nikalia kwenye shati lake jipya. Mwanaume aliyeapa kwa jenerali, akavunja kiapo kwa ajili yangu. Ningemdai nini zaidi?

Baba alikuwa amesikia. Alikuja na bakuli la mafuta ya nguruwe, akaliweka chini mbele yangu. Nililitazama lile bakuli. Niliwafikiria wavulana wa kwetu waliokuwa tayari msituni, mabegani kamba za mzinga.

—Baba, waambie wageni wabaki hapa. Kama ni kufa, harusi ya watu wawili inatosha.

—Na mimi?

—Na wewe.

—Gari nimechonga mimi, akasema. Nitalisikiliza kutoka hapa. Likinyamaza, nitajua.

Akalimwaga lile bakuli shimoni.

Basi gari likalia. Lilianza kwa kugumia, likapanda, mpaka ndege wakahama miti. Bixente mbele ya maksai, mimi ubavuni mwake, vidole vyetu vimeshikana. Tulipofika chini ya ngome, wakashuka kweli, kundi zima, bunduki mbele. Sajini wao alikuwa mtu wa kwetu, nilijua kwa anavyotamka.

—Simameni. Fungueni kasha.

Wakachoma mashuka yangu kwa visu vya bunduki. Mashuka ya miaka sita ya kusokota.

—Wageni wako wapi?

—Na nyie mmekuja na bunduki, nani atakuja kucheza?

Akamgeukia Bixente, akamtazama mabega.

—Kijana mzima hivi, hayuko jeshini? Wewe ni mtu wa Arrizubi.

Bixente akafungua mdomo, na mimi namjua, hawezi kudanganya. Nikawahi.

—Sajini, tumia akili uliyozaliwa nayo. Mtu wa Arrizubi apite na gari linalolia? Si angeshapigwa risasi na Arrizubi mwenyewe?

Askari mmoja akacheka, wa pili akacheka, na sajini akashindwa kujizuia.

—Pole, ndugu yangu, akamwambia Bixente. Huyu hutamweza.

—Najua, Bixente akajibu. Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Tulipokata kona, nikatazama juu. Msituni hapakuonekana kitu. Wavulana na mzinga wao walikuwa wameshapita.

Mama Joxepa, mama mkwe wangu, alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, anasikiliza mpaka gurudumu la mwisho liliponyamaza uani.

—Umechelewa, akasema. Ingia, mwanangu.

Siku iliyofuata Bixente aliondoka na gari, ekseli imepakwa mafuta. Barua ilifika moja tu: “Mke wangu, mimi mzima, gari zima. Siku nikirudi nitaiosha ekseli mafuta kwa majivu pale kivukoni mtoni, unisikie kabla hujaniona. Usipike mapema.”

Kisha ikaja habari kwamba jenerali kapigwa risasi Bilbao na amefariki. Kisha hakuna habari. Mwezi, miezi miwili. Watu walipita na magari yao bubu, na kila lililotokeza kwenye kona bila sauti lilinikata maini. Mama Joxepa alinishonea yale mashuka, tundu moja moja, hakuniambia nisilie.

Alasiri moja tulikuwa tunapukuchua mahindi. Mbali, upande wa mtoni, kitu kikagumia. Kikapanda.

Mama Joxepa akabaki na gunzi mkononi.

—Hilo gari la nani?

Nilikuwa nimeshafika getini.