Bibi Reli wa Malolo

Kila Jumamosi Kornelia alifagia uwanja, akateka ndoo mbili za maji bombani, kisha akamsaidia mama yake kupanga vitumbua kwenye beseni na kumsindikiza hadi karibu na stendi ya Nachingwea. Kazi hizo hazikumshinda hata kidogo. Uvivu wake ulikuwa wa namna nyingine. Kuongea alikupenda mno, lakini ukimtuma akamuulize mtu jambo, miguu yake iliota mizizi.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita hakwenda stendi. Alivaa sare iliyonyooshwa vizuri, akasimama mbele ya kuku wa nyumbani kwao na kunyoosha mikono.

"Karibuni sana Nachingwea, wageni wetu. Naitwa Kornelia, mimi ndiye mwongozaji wenu."

Kuku waliendelea kuchakura.

"Wageni wenyewe ndio hao wasioitikia salamu?" mama yake, Edina, alimtania. "Na hayo mambo ya reli, umeshayapata?"

"Nimeyapata, mama," Kornelia alijibu haraka, akainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Ukweli ni kwamba hakuwa na kitu. Mwalimu Gaudens, mlezi wa klabu ya historia shuleni kwao, alikuwa amechagua waongozaji watatu wa kuwatembeza wageni kutoka shule moja ya Ruangwa. Hajra alipewa soko, Benedikto akapewa kanisa la zamani la misheni, na Kornelia akapewa mahali ilipopita reli. Kila mmoja aliagizwa aende kwa watu wa eneo lake, aulize na aandike. Kornelia alielekezwa kwa Mzee Nicholaus, ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi relini. Wiki nzima alipita mbele ya nyumba ya mzee huyo akienda kwenye mazoezi ya netiboli. Jumatatu alijiambia amechoka. Jumatano alisema jua ni kali. Ijumaa alijiuliza, kwani reli yenyewe ina nini cha ajabu?

Wageni waliwasili saa tatu, thelathini kwa idadi, wakiwa na madaftari mikononi. Sokoni Hajra aliwachangamsha. Aliwajua wauza mbaazi na korosho kwa majina, na aliweza kueleza ni nani aliyeanza kuuza pale kabla mabanda hayajaezekwa bati. Kanisani Benedikto aliwaonyesha tofali lenye alama ya kidole cha mtu aliyelifyatua, na kila mgeni akataka kuweka kidole chake hapo.

Ikafika zamu ya Kornelia. Aliwapeleka pembeni ya mji kwenye tuta refu lililoota nyasi, akasafisha koo.

"Hapa, zamani za mkoloni, ilipita reli. Treni zilibeba karanga kutoka mashamba makubwa ya huku hadi bandari ya Mtwara. Baadaye reli ikang'olewa."

Maneno yalikuwa yamekwisha.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza mvulana mmoja. "Mbona mimi naona nyasi?"

Wageni wakacheka. Kornelia alisikia uso ukimchoma. Wenzake walikuwa wamepigiwa makofi, naye anachekwa pamoja na nyasi zake! Alitazama nyuma, akamwona Mwalimu Gaudens yuko mbali akiwagawia maji waliochoka. Ndipo ulimi ukamponyoka.

"Hamjasikia bado," alisema. "Siku moja treni ilisimama hapahapa mlipo. Mama mmoja alishikwa na uchungu ndani ya behewa, juu ya magunia ya karanga. Dereva akapiga honi mpaka wanawake wakatoka mashambani kuja kumsaidia. Akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Reli."

"Eeeh!" wageni waliitikia kwa pamoja.

Waliamini bila taabu, maana huku kusini mtoto kupewa jina la tukio ni jambo la kawaida. Wapo kina Shida, wapo kina Tabu na kina Masika. Kwa nini asiwepo Reli?

Msichana mmoja mrefu, mwenye daftari lililofunikwa kwa gazeti, aliandika kwa kasi hadi kalamu ikatoboa karatasi. Jina lake lilikuwa Bertha. "Dada, huyo Reli bado yupo?" aliuliza.

"Yupo. Ni bibi sasa," Kornelia alisema. Alikuwa amekolea. "Alihamia Malolo."

"Malolo ya kwetu, Ruangwa?"

"Hiyohiyo."

Makofi aliyopigiwa yaliyashinda ya Hajra na Benedikto yakiwekwa pamoja. Kornelia alirudi nyumbani akitembea kwa madaha, na akala ugali wake kwa raha zote.

Baada ya wiki tatu ikawa zamu ya klabu ya Nachingwea kwenda Ruangwa. Ndani ya gari waliimba njia nzima, mikorosho ikipita kulia na kushoto. Waliposhuka, Bertha alimkimbilia Kornelia na kumkumbatia kana kwamba ni ndugu waliopotezana.

"Mwenyeji wangu! Leo mimi ndiye mwongozaji," alisema.

Bertha aliongoza vizuri, ila kwa namna yake. Aliongea polepole akifungua daftari kila mara. Aliwaonyesha ghala la ufuta, akaeleza jinsi wakulima wanavyopanga foleni siku za mnada. Aliwapeleka hadi kwenye uwanja wa mpira, wavulana wakataka kugusa nyasi zake. Benedikto, ambaye hupenda kumbana mtu, akauliza, "Kabla ya uwanja, hapa palikuwa na nini?"

"Sijui," Bertha alijibu. "Ngoja niandike swali lako. Nikipata jibu nitawaletea."

Akaandika, akaendelea na safari. Hakuna aliyemcheka. Kornelia alimtazama kwa mshangao. Kumbe neno hilo mtu anaweza kulitamka mbele ya watu na asife!

Wakati wa chakula walikaa pamoja wakila pilau. "Nina habari yako," Bertha alisema. "Nimekwenda Malolo kumtafuta Bibi Reli. Mara mbili."

Kornelia alilirudisha tonge sahanini. "Umekwenda na nani?"

"Peke yangu, kwa baiskeli ya baba. Mara ya kwanza wakanielekeza kitongoji kingine, kufika huko si yeye. Mara ya pili tairi likapata pancha, nikasukuma baiskeli kutoka asubuhi mpaka alasiri." Bertha alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Watu wengine walinicheka. Wakasema, tazama Msukuma, anakuja kututafutia bibi yetu. Unajua sisi ni wa Kanda ya Ziwa, tumefika huku na ng'ombe juzijuzi tu. Tunaishi njia ya Nambilanje. Nilifikiri nikizijua habari za huku vizuri, wataacha kuniita mgeni."

"Na sasa?"

"Sasa leo nitasoma insha yangu mbele ya wazazi wote. Nitawaomba wanisaidie kumpata. Mtu wa Malolo hatakosekana ukumbini."

Kornelia alisukuma sahani pembeni. Alijua kitakachotokea. Mtu wa Malolo atasimama na kusema bibi huyo hayupo, na hajawahi kuwepo. Ukumbi mzima utamcheka Bertha, yule Msukuma anayejitia kuijua kusini. Na yeye Kornelia atakuwa amekaa tu anatazama.

Alimvuta Benedikto kando na kumweleza yote.

"Dah! Kaa kimya," Benedikto alimnong'oneza. "Jioni tunaondoka. Nani atakufuata Nachingwea?"

Ushauri huo ulikuwa mtamu, na Kornelia aliubeba hatua kama kumi hivi. Kisha akamwona Bertha amesimama nyuma ya ukumbi, akiisoma insha yake kimyakimya, midomo ikichezacheza. Moyo ulimuuma kwelikweli. Akageuka, akamfuata.

"Bertha, usisome. Bibi Reli hayupo. Nilimtunga."

"Ulimtunga vipi?"

"Sikuwa na la kusema, mkanicheka. Niliagizwa nikaulize, sikwenda. Nilidanganya, dada. Nisamehe."

Bertha aliishusha insha. Macho yalimjaa machozi. "Nilikwenda mara mbili," alisema. "Mara mbili, Kornelia."

Ndani ya ukumbi likaitwa jina la Bertha Mayunga. Bertha alilikunja daftari. "Sasa nitasoma nini?"

"Twende. Nitasema mimi."

Waliingia pamoja. Kornelia alisimama mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi, akaeleza kila kitu kuanzia mlango wa Mzee Nicholaus hadi tairi la baiskeli. Kisha akamalizia. "Bertha hana kosa. Alifanya kazi ambayo mimi niliikimbia. Kosa ni langu."

Minong'ono ikazagaa. Mwalimu Gaudens alikuwa ameshika kichwa. Mama mmoja kutoka Malolo alipaza sauti, "Ndiyo maana! Binti wa watu aliulizia nyumba kwa nyumba, nikamwonea huruma!"

Ndipo akasimama mwanamume mrefu mwenye koti, fimbo mkononi. Alikuwa baba yake Bertha, Mzee Mayunga. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kisukuma, na alikitumia bila haraka.

"Binti, njoo hapa karibu," alimwita Kornelia. "Usiogope, sichapi watoto wa wenzangu."

Watu wakacheka, Kornelia akasogea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikiliza. Mimi kazi yangu ng'ombe. Ng'ombe akipotea, namuuliza mtu njiani. Akisema sijamwona, huyo amenisaidia. Naiacha njia hiyo, nakwenda nyingine. Lakini kuna mtu hajaona kitu, anaona aibu kusema. Ananinyooshea mkono tu, pita kule! Nakwenda kule nusu siku. Nikirudi, ng'ombe ameshafika mbali. Nani mbaya kati yao wawili?"

"Aliyenyoosha mkono," Kornelia alisema kwa sauti ndogo.

"Basi umejua. Sijui si matusi. Mtu anayesema sijui, siku akisema najua, namfuata nikiwa nimefumba macho. Na leo umerudi njiani kuniambia kwamba uliponyoosha mkono ulikosea. Wengi hawarudi." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, Bertha, uliendesha baiskeli yangu mpaka tairi likaisha. Nilikuwa nataka kukugombeza. Sasa sitakugombeza. Mtu anayetafuta habari za mahali kwa miguu yake, huyo si mgeni wa mahali hapo."

Yule mama wa Malolo ndiye aliyeanza kupiga makofi, na watu wa ukumbi mzima wakamfuata. Bertha alijifuta macho kwa kiganja, akacheka.

Mwalimu Gaudens hakuliacha jambo hivihivi. Nje ya ukumbi alimwambia Kornelia, mbele ya wenzake, kwamba hatawaongoza wageni tena hadi atakapomletea daftari lililojaa majibu ya watu aliowauliza yeye mwenyewe, na majina yao pembeni. "Umekiri, na hilo limenifurahisha," alisema. "Lakini mwongozaji anaaminiwa na watu wasioijua njia. Akiwapoteza, hawana mwingine wa kumuuliza. Kwa hiyo jifunzeni nyote: kwanza uliza, ndipo useme. Na usichokijua, kikiri."

"Ndiyo, mwalimu," walijibu.

Gari lilipowashwa, Bertha alikuja dirishani. Alikuwa bado amenuna kidogo, na alikuwa na haki ya kununa.

"Kabla hujaondoka," alisema, kalamu mkononi. "Zile treni zilikuwa zinapita mara ngapi kwa siku?"

Zamani Kornelia angesema tatu, au tano, au kumi na mbili ikibidi. Jibu la namna hiyo lilikuwa tayari limefika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Sijui," alisema.

Tabasamu likamtoka Bertha taratibu.

"Haya," alisema, akiandika. "Hilo nimeliamini."